Msafiri wa kusini na meza ya Waitaliano

MSAFIRI anayetoka Nakapanya, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, akifika Malindi katika pwani ya Kenya na kuingia katika duka mojawapo linalouza vyakula vya Italia, anaweza kushika mkononi chupa ndogo yenye mchuzi mzito wa kijani, akasoma orodha ya vitu vilivyomo na kuirudisha mahali pake bila kutambua kwamba amekutana na zao la kwao.

Neno lililoandikwa hapo ni "anacardi". Kwa Kiitaliano, hizo ni korosho.

Mchuzi wenyewe unaitwa pesto na asili yake ni mji wa Genoa, kaskazini magharibi mwa Italia. Ule wa asili hauna korosho. Namna korosho zilivyoingia katika chupa hiyo ni habari inayomhusu mkulima wa Nakapanya zaidi kuliko mtalii anayeinunua, na itaelezwa mahali pake. Lakini kwanza ni vyema kuijua meza yenyewe ya Waitaliano, kwa kuwa msafiri wa Afrika Mashariki huikuta katika sehemu nyingi kuliko anavyotarajia, na mara nyingi hulipia ugeni wake kwa fedha taslimu.

Huikuta Malindi na Watamu, Kiwengwa kisiwani Unguja, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, Addis Ababa na Asmara. Wachache huifuata hadi Roma au Milano, wakienda kwa masomo, kwa shughuli za Kanisa au kwa biashara.

Kila mahali meza hiyo ilifika kwa njia yake, na njia ya Malindi ndiyo ya ajabu kuliko zote. Watu wengi hudhani kwamba Waitaliano walivutwa huko na fukwe. Ukweli ni kwamba waliotangulia walivutwa na roketi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa akitafuta mahali karibu na mstari wa ikweta pa kurushia setilaiti, kwa sababu roketi inayorushwa karibu na ikweta hupata msaada mkubwa zaidi wa mzunguko wa dunia. Mahali palipochaguliwa ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na majukwaa yakasimamishwa baharini. Aprili 26, 1967 ilirushwa hapo setilaiti ya San Marco 2. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Urushaji ulikoma mwaka 1988, ingawa kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea mawasiliano ya setilaiti.

Wahandisi na mafundi hao walihitaji kula. Walitaka tambi zao, mafuta yao ya zeituni na kahawa yao, na walipokwenda likizo walisimulia habari za pwani hiyo kwa ndugu na jamaa. Watalii wakafuata, kisha wenye hoteli, kisha wastaafu waliojenga nyumba za kudumu. Leo msafiri anayetoka kusini mwa Tanzania kwa basi, akapitia Masasi, Lindi, Dar es Salaam na Tanga, akavuka mpaka wa Horohoro na kuendelea hadi Malindi, kiasi cha kilomita 120 kupita Mombasa, atashangaa kusalimiwa "ciao" na vijana ambao hawajawahi kupanda ndege.

Jambo ambalo vitabu vya watalii havilisemi sana ni kwamba wengi wa wanaopika vyakula hivyo ni wenyeji wa pwani hiyo. Mpishi aliyezaliwa katika kijiji cha Wagiriama ndiye anayekanda unga wa piza na kuchoma kwa kuni, na samaki anayeingia katika sufuria ya tambi ni yuleyule anayeletwa na wavuvi wa hapo: kamba, pweza, ngisi na kaa wa mikoko. Tambi za kamba za Malindi ni chakula cha Kiitaliano kwa jina na utaratibu. Kwa kitoweo ni chakula cha pwani ya Waswahili, na pengine hiyo ndiyo sababu ni kitamu.

Zanzibar mambo ni tofauti kidogo. Hoteli nyingi za Kiwengwa na maeneo jirani ya pwani ya mashariki zilijengwa kwa ajili ya watalii wa Kiitaliano wanaolipia kila kitu kwao kabla ya kusafiri, hivyo chakula hicho hubaki ndani ya uzio. Mgeni wa kutoka bara hukiona zaidi katika migahawa ya Mji Mkongwe.

Msafiri wa Nakapanya haendi mezani akiwa mgeni kabisa. Tambi anazijua. Katika nyumba za Waislamu wa Tunduru, kama ilivyo pwani yote, tambi nyembamba zilizopikwa kwa sukari, nazi, iliki na zabibu ni chakula cha futari na cha sikukuu ya Idi. Hizo hazikuletwa na Waitaliano. Zilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na viungo na mapishi mengine ya Wahindi na Waarabu.

Na hapa kuna jambo linalostahili kufahamika, kwa sababu hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya uongo. Inasemwa kwamba Marco Polo ndiye aliyepeleka tambi Italia kutoka China, aliporejea Venice mwaka 1295. Lakini zaidi ya miaka 140 kabla ya hapo, mwaka 1154, mwanajiografia Mwislamu Al-Idrisi, aliyefanya kazi katika kasri ya Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, aliandika kwamba katika kijiji cha Trabia karibu na Palermo kulikuwa na vinu vya maji, na humo zikitengenezwa tambi kwa wingi, zikipakiwa majahazini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Aliziita kwa jina la Kiarabu, "itriyya". Kwa maneno mengine, tambi za futari ya Nakapanya na spageti za Roma ni ndugu waliopotezana zamani.

Undugu huo hauzuii mshangao. Msafiri akiletewa spageti kwa mara ya kwanza huona kwamba hazijaiva. Waitaliano huzitoa motoni zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, hali wanayoiita "al dente", yaani ya kuhisiwa na jino. Si uvivu wa mpishi, wala hakuna haja ya kuzirudisha jikoni. Sheria ya Italia ya mwaka 1967 iliagiza kwamba tambi kavu zinazotengenezwa nchini humo ziwe za ngano ngumu, ambayo unga wake ni wa manjano na wenye chengachenga. Ngano hiyo hustahimili maji ya moto bila kulainika upesi. Tambi zinazotengenezwa kwa unga wa ngano laini, ule wa chapati na maandazi, hugeuka uji zikichelewa dakika mbili tu, na hilo ndilo linalowapata wengi wanaojaribu kupika spageti nyumbani.

Wasomali wamekwenda mbali zaidi ya wote katika kuzifanya tambi kuwa zao. Kusini mwa Somalia kulitawaliwa na Italia, na hata baada ya Vita Kuu ya Pili Umoja wa Mataifa uliikabidhi Italia udhamini wa eneo hilo kutoka mwaka 1950 hadi uhuru wa mwaka 1960. Tambi zikawa chakula cha kila siku, kwa jina la "baasto", na mchuzi wake ukaitwa "suugo", neno lililotokana na "sugo" la Kiitaliano. Lakini Msomali huweka pia ndizi mbivu kando ya sahani na kuila pamoja na tambi na nyama. Ndizi hizo zililimwa katika mashamba makubwa ya kando ya mito ya Juba na Shabelle, na nyingi zilisafirishwa kwenda Italia. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 na wakimbizi kumiminika Kenya, chakula hicho kilipata makao mapya Eastleigh. Mtu anayetaka kujua tambi zinavyoweza kuliwa kwa mkono wa kulia bila aibu aende huko. Akifika Roma atumie uma peke yake, na asizikate kwa kisu.

Pengine tatizo kubwa la mgeni linahusu mpangilio wa mlo kuliko ladha yake. Mtanzania amezoea ugali, mboga na kitoweo vije pamoja. Mwitaliano huvitenga. Kuna vitangulizi, "antipasti"; halafu chakula cha kwanza, "primo", ambacho ni tambi, wali au supu; halafu chakula cha pili, "secondo", ambacho ni nyama au samaki; na mboga, "contorno", huagizwa na kulipiwa peke yake. Msafiri anayeagiza "secondo" tu huletewa kipande cha nyama kikiwa pweke katikati ya sahani, akabaki anasubiri wali ambao hautakuja. Anayedhani tambi ndizo mlo mzima naye huona sahani ni ndogo. Hakuna anayelazimishwa kuagiza vyote, na mtu anaweza kula "primo" na mboga akashiba kwa nusu ya gharama.

Zipo gharama nyingine zisizoonekana mpaka hesabu ifike. Migahawa mingi ya Italia hutoza "coperto", ada ya kukalia meza na kuwekewa mkate na kitambaa, kwa kawaida Euro moja hadi tatu kwa kila mtu. Katika mkoa wa Lazio, ambamo ndimo ilimo Roma, sheria ya mkoa imeipiga marufuku, lakini mkate wenyewe unaweza kutozwa. Ada yoyote ni lazima iandikwe kwenye orodha ya bei, hivyo msafiri asione haya kuisoma hadi chini. Maji huuzwa kwa chupa, yawe ya kawaida au yenye gesi. Hata hivyo, Roma ina zaidi ya mabomba 2,000 ya chuma yaliyosimama mitaani yakitiririsha maji safi ya kunywa bure, mchana na usiku. Wenyeji huyaita "nasoni", yaani mapua makubwa, kutokana na umbo lake.

Saa nazo humchanganya mgeni. Jiko hufungwa baada ya chakula cha mchana, kiasi cha saa 8:30 au saa 9:00 kwa saa zetu, na halifunguliwi mpaka saa 1:30 usiku. Mtu aliyefika katikati ya nyakati hizo hana budi kununua kipande cha piza dukani.

Anayetoka Ruvuma, mkoa unaosifika kwa mahindi, atafarijika akifika kaskazini mwa Italia. Huko Veneto na Lombardia watu hula "polenta", ambayo ni ugali wa mahindi ya manjano. Hukorogwa kwa mwiko katika sufuria ya shaba kwa muda unaokaribia saa nzima, kisha humwagwa juu ya ubao. Ni laini kuliko ugali wa Songea, lakini ikipoa na kukazana hukatwa vipande na kuchomwa, na hapo mtu wa kusini hahitaji maelezo zaidi.

Historia ya polenta ina onyo ndani yake. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika, na katika karne za 18 na 19 wakulima maskini wa kaskazini mwa Italia waliishi kwa polenta tupu. Maelfu waliugua pellagra, maradhi ya ngozi kuchubuka, kuharisha na hatimaye kuchanganyikiwa akili, yanayosababishwa na ukosefu wa vitamini ya niasini, ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri kutoka kwenye mahindi peke yake. Maradhi hayo hayakubaki kuwa habari ya kale ya Ulaya. Mwaka 1990 yaliwapata wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliokuwa Malawi, baada ya karanga kupungua katika mgao wao wa chakula.

Kwa Mwislamu, na wakazi wengi wa Tunduru ni Waislamu, swali la kwanza mezani ni nini kimo ndani ya chakula. Hili linahitaji umakini, kwa sababu nyama ya nguruwe katika mapishi ya Kiitaliano mara nyingi haionekani. Maneno ya kuyakumbuka ni "prosciutto", "speck", "pancetta", "guanciale", "mortadella", "salame" na "strutto". Yote ni nguruwe, na la mwisho ni mafuta yake yanayoweza kutiwa hata katika mkate. Tambi za "carbonara" na "amatriciana" hupikwa kwa shavu la nguruwe. Mchuzi wa nyama wa Bologna, ambao wengi hudhani ni wa ng'ombe mtupu, kwa kawaida huchanganywa na nguruwe na kutiwa mvinyo. Wali wa "risotto" huanzwa kwa mvinyo mweupe. Keki ya "tiramisù" mara nyingi hutiwa pombe.

Jambo la kuchekesha ni kwamba neno linaloogopwa zaidi halina madhara. "Peperoni" kwa Kiitaliano ni pilipili hoho. Yule anayekataa piza ya "peperoni" mjini Roma kwa kudhani ina soseji ya nguruwe, kama ilivyo Marekani, huwa amekataa mboga. Na anayeipenda hiyo soseji huletewa hoho asizozitaka.

Yapo mengi yaliyo salama. Piza ya "marinara" ina nyanya, kitunguu saumu na mafuta tu. Tambi za "pomodoro" ni za nyanya, za "arrabbiata" ni za nyanya na pilipili kali, na za "aglio e olio" ni za kitunguu saumu na mafuta. Samaki wapo wengi, mradi mgeni aulize kama wamepikwa kwa mvinyo. Kuhusu jibini, ile ya Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho katika tumbo la ndama, na wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana juu ya hukumu yake. Anayetaka kujiepusha ataomba chakula kisicho na jibini, na hakuna mpishi atakayekasirika. Atakasirika mgeni akiomba jibini inyunyizwe juu ya tambi za samaki.

Tukija kwenye vinywaji, kahawa ndiyo inayotawala. Mtu akisema "caffè" bila kuongeza neno huletewa espreso, kinywaji cha mafunda mawili kilichotokana na gramu saba hivi za unga wa kahawa, uliopitishiwa maji ya moto kwa mgandamizo mkubwa kwa nusu dakika. Mashine za namna hiyo zilianza kusajiliwa Turin mwaka 1884 na Angelo Moriondo, zikaboreshwa Milano na Luigi Bezzera mwaka 1901. Akisema "latte" ataletewa glasi ya maziwa matupu. Kahawa ya maziwa, kapuchino, hunywewa asubuhi. Anayeiagiza baada ya chakula cha mchana ataipata, lakini mhudumu atajua papo hapo kwamba huyo si mwenyeji.

Kahawa hiyo hunywewa kwa kusimama. Bei ya kaunta ni ndogo, Euro moja na senti kadhaa, na mtu hunywa, hulipa na kuondoka. Akikaa kwenye meza ya uwanja maarufu, kikombe kilekile kinaweza kuuzwa mara tatu au nne ya bei hiyo. Wasafiri wengi hujifunza somo hili mara moja tu.

Mtu wa Dar es Salaam au Unguja hataona ajabu kubwa. Kahawa chungu ya birika la shaba, inayonyweka kwa kashata katika vikombe vidogo visivyo na mkono, ni jamaa wa karibu wa espreso: kidogo, kali, ya kuleta mazungumzo. Tofauti ni kwamba mnywaji wa barazani hana haraka. Addis Ababa na Asmara vimeunganisha vyote viwili. Waethiopia walikuwa na kahawa na taratibu zake za kuikaanga na kuinywa karne nyingi kabla Waitaliano hawajawavamia mwaka 1935, lakini mashine zilizoachwa na wavamizi zilipata wenyewe, na makiato, espreso yenye tone la maziwa, ni kinywaji cha kila mtaa. Nyumba ya kahawa ya Tomoca mjini Addis Ababa imekuwapo tangu mwaka 1953.

Italia yenyewe hailimi kahawa ya kutajika. Huinunua Brazil, Vietnam, India na kwingineko, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda na ya Tanzania. Robusta, ile inayolimwa Kagera na Uganda, hupendwa na wakaangaji wa Italia kwa sababu hutoa povu zito la rangi ya dhahabu juu ya espreso. Arabika, ambayo kwa mkoa wa Ruvuma hulimwa katika milima ya Mbinga, huongeza harufu. Mkulima huiuza ikiwa mbichi. Kazi ya kukaanga, kusaga na kuipa jina hufanyika ng'ambo.

Kuhusu mvinyo inatosha kusema kwamba anayeutaka si lazima asafiri mbali. Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana wanatajwa kuwa ndio waliopanda zabibu Dodoma katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Waitaliano walianzisha kiwanda cha Cetawico huko Hombolo.

Sasa turudi kwenye ile chupa ya kijani. Pesto ya Genoa hutengenezwa kwa majani ya mrihani, kitunguu saumu, chumvi ya mawe, jibini mbili ngumu, mafuta ya zeituni na mbegu za msonobari ziitwazo "pinoli". Mbegu hizo ni ghali mno, kwa kuwa huchukua miaka mingi kupatikana na kazi kubwa kuzitoa katika koni zake. Viwanda vilipoanza kutengeneza pesto ya chupa kwa wingi vilitafuta kitu chenye mafuta na ulaini unaofanana nazo kwa bei nafuu, na korosho ikafaa kuliko vyote. Ndiyo maana chupa nyingi za pesto zinazouzwa duniani zina korosho ndani yake, na pinoli chache au hazimo kabisa.

Korosho hizo zimetoka shamba gani, hakuna anayeweza kujua kwa kusoma chupa. Kinachojulikana ni njia. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania, zikiwamo za Tunduru zinazokusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha ushirika, TAMCU, husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, hupangwa kwa madaraja, kisha huuzwa Ulaya. Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na kwa kuwa mavuno yake hayatoshi, viwanda vyake hutegemea korosho ghafi za Afrika.

Linalouma zaidi ni kwamba Waitaliano walikwishakuwa sehemu ya jitihada ya kuibadili njia hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kimojawapo Tunduru, na baadhi yao vilifungwa mitambo ya kampuni ya Oltremare ya mjini Bologna. Viwanda vilipokuwa tayari, korosho hazikuwapo. Mavuno yaliyofikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74 yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa wakayaacha mashamba yao mbali, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga uliikausha mikorosho iliyobaki. Mitambo ikasimama. Baadaye viwanda vilibinafsishwa, na vingi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho zilezile zinazosubiri kusafirishwa zikiwa ghafi.

Mavuno yalirudi, tena kwa kishindo: msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000. Viwanda havikurudi kwa kasi hiyo. Novemba 2018, wakulima walipogomea bei za mnada, Rais John Magufuli aliagiza Jeshi la Wananchi lizichukue korosho kwa Sh3,300 kwa kilo na akaahidi kwamba zitabanguliwa nchini. Uwezo wa kubangua kiasi hicho haukuwapo, na sehemu kubwa ilibidi itafutiwe wanunuzi ikiwa ghafi.

Msafiri aliyeiacha chupa hiyo Malindi kwa sababu ya bei hajapoteza kitu. Jina la pesto limetokana na kitenzi cha Kiitaliano chenye maana ya kutwanga, na kinu hakikosekani Nakapanya. Mrihani unaoliwa Genoa ni wa jamii ileile ya mrihani ambao wanawake wa pwani huusuka pamoja na asumini kwa ajili ya harufu yake. Tofauti ni kwamba Waitaliano huuchuma ungali mchanga, kabla haujatoa maua, ili usiwe mkali. Korosho zilizobanguliwa zisikaangwe. Hutwangwa kwanza pamoja na kitunguu saumu na chumvi hadi zilainike, ndipo majani yaongezwe machache machache, kisha jibini kwa aliyenayo na mafuta ya zeituni. Ya alizeti huweza kutumika, ingawa harufu hupungua. Mchuzi huo haupikwi. Tambi zikishachujwa huchanganywa nao nje ya moto, pamoja na kijiko kimoja au viwili vya maji yaliyochemshia tambi, kwa sababu wanga uliomo katika maji hayo ndio unaoufanya mchuzi ushike.